Amplifaya ya Tatu



Wapendwa waamini, tafakari yetu ya juma hili haianzi na Injili, bali na barua. Ililetwa mezani petu siku ya Jumatatu, ikiwa na mihuri miwili na sahihi saba. Inaomba parokia inunue amplifaya mpya ya gitaa pamoja na spika zake kwa shilingi 3,200,000. Sababu iliyotolewa ni moja tu, nayo imeandikwa kwa herufi kubwa: amplifaya iliyopo haikidhi matarajio.

Tungeweza kuijibu barua hiyo ndani ya kikao cha Halmashauri ya Walei, tukafunga mlango, na mambo yakaishia hapo. Lakini fedha inayoombwa si ya Halmashauri wala si ya paroko. Ni ya mama anayeuza mchicha, ni ya mzee aliyeuza majogoo wawili mara ya mwisho tulipopitisha bahasha katika Jumuiya Ndogo Ndogo. Basi na wao wana haki ya kuyasikia majibu yetu. Tunayaandika hapa hadharani, tukijua kwamba baadhi ya watakaoyasoma watatununia.

Kwanza tukumbushane historia, maana tumekuwa wepesi wa kusahau.

Amplifaya inayolalamikiwa ni ya pili. Ya kwanza tulipewa zawadi na marafiki wa parokia walioko Marekani. Ilifika katika sanduku zuri la mbao, nasi tuliipokea kwa vigelegele. Jumamosi tukaibariki kwa maji ya baraka, Dominika ikawekwa mbele upande wa kwaya, na kabla wimbo wa mwanzo haujafika ubeti wa pili moshi ukaanza kutoka mgongoni mwake. Ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya umeme wa volti 120 unaotumika kwao, nasi tukaichomeka katika umeme wetu wa volti 230. Maelezo hayo yalikuwa yameandikwa nyuma ya chombo, tena kwa maandishi yanayosomeka. Hakuna aliyeyasoma, na sisi paroko tukiwa wa kwanza kutoyasoma. Tulikibariki kitu ambacho hatukukifahamu. Waliotutumia zawadi hawana kosa, na chombo chenyewe hakina kosa.

Ya pili tuliinunua wenyewe mjini. Juu ya boksi lake palikuwa na tarakimu kubwa nyekundu: wati 1,200. Wajumbe waliotumwa walirudi wakishangilia kwamba wamepata nguvu ya ukumbi wa dansi kwa bei ya kijijini. Karibu na tarakimu hiyo palikuwa na herufi nne ndogo, PMPO, ambazo kila aliyewahi kununua redio ya kaseti anazikumbuka. Maana ya herufi hizo ni kwamba mtengenezaji amekadiria nguvu ya juu kabisa ambayo chombo kingeweza kuitoa kwa kufumba na kufumbua, akajumlisha alivyotaka mwenyewe, kisha akaandika jibu. Hakuna kanuni moja inayowabana watengenezaji wote katika hesabu hiyo. Nguvu ya kweli ni ile ambayo chombo kinaweza kuitoa mfululizo bila kuungua wala kukwaruza. Fundi alipoifungua amplifaya yetu na kuipima, alikuta nguvu hiyo haifiki hata wati 60.

Hapo ndipo tungepaswa kujiuliza swali. Badala yake tumeandika barua ya kuomba kubwa zaidi.

Tunasema wazi kwamba hata tukipata hiyo kubwa, na hata tarakimu zake zikiwa za kweli, tutakuwa tumejidanganya. Sikio la binadamu halihesabu wati kama mtunza hazina anavyohesabu noti. Ili sauti isikike kuwa kubwa maradufu, nguvu ya amplifaya inapaswa kuongezeka takriban mara kumi. Kutoka wati 60 kwenda wati 120, ambako mtu angedhani amepata sauti mara mbili, sikio linaona ongezeko dogo tu. Wauzaji wengi hawatuelezi hayo, kwa sababu tarakimu ndiyo wanayoiuza.

Wala tusidhani kwamba waliodanganyika ni sisi maskini peke yetu. Mwezi Januari 1965 kampuni ya CBS ya Marekani iliinunua kampuni ya Fender, iliyokuwa maarufu kuliko karibu zote kwa magitaa na amplifaya, kwa dola milioni 13. Mwaka uliofuata ikaleta sokoni amplifaya mpya za transista. Hadi wakati huo amplifaya za gitaa zilitumia valvu za kioo, kama zile zilizong'aa ndani ya redio za babu zetu, nazo zilikuwa nzito, zenye joto, na za kubadilishwa kila baada ya muda. Transista ilikuwa ndiyo neno la maendeleo. Ikatangazwa kwamba amplifaya hizo ni za siku zijazo: nyepesi zaidi, imara zaidi, safi zaidi. Zilipofika mikononi mwa wapigaji zikaharibika mara kwa mara, na sauti yake wakaiona kavu na kali. Katika miaka michache zikaondolewa sokoni, na hadi leo wapigaji wengi wa gitaa bado wanazitafuta zile za valvu zilizodaiwa kupitwa na wakati. Kampuni yenye fedha, wahandisi na matangazo ilijifunza kwa aibu kwamba kitu kuwa kipya si sawa na kitu kuwa chema.

Tarehe 15 Agosti 1965, katika uwanja wa Shea jijini New York, kikundi cha The Beatles kilipiga muziki mbele ya watu takriban 55,000. Kampuni ya Vox ya Uingereza ilikuwa imewatengenezea amplifaya za wati 100, kubwa kwa wakati ule. Hazikufua dafu. Mayowe ya vijana yalizifunika, na wapigaji wenyewe hawakuweza kujisikia vizuri. Mwaka mmoja baadaye, Agosti 1966, wakaacha kabisa ziara za kupiga muziki mbele ya umati, wakajifungia studioni ambako walau kila mmoja aliweza kumsikia mwenzake. Amplifaya za New York hazikushindwa kwa sababu zilikuwa mbovu. Zilishindwa kwa sababu zilitakiwa kufanya kazi isiyo yake, yaani kuwafanya watu wasikie wakati watu hawasikilizi.

Ndugu wapendwa, hiyo ndiyo kazi tunayotaka kuipa amplifaya ya tatu.

Litazameni kanisa letu. Kuta ni za saruji, sakafu ni ya saruji, juu ni bati tupu. Neno likitamkwa mbele linagonga ukuta wa nyuma na kurudi, linagonga bati na kushuka, na kabla halijatulia neno linalofuata limekwisha kulikanyaga. Hapo ukiongeza sauti, mwangwi nao unaongezeka kwa kipimo kilekile. Waamini wa nyuma wanaposema kwamba hawaelewi maneno ya nyimbo, nasi tukajibu kwa kuongeza sauti, tunafanana na mtu anayetaka kusafisha maji ya tope kwa kuyakoroga kwa mti mrefu zaidi. Isitoshe, amplifaya ya gitaa haikutengenezwa kwa ajili ya sauti ya mtu. Imetengenezwa kuipa sauti ya nyuzi rangi yake, na spika yake huurusha ukali wa sauti mbele moja kwa moja kama tochi. Aliyeketi mkabala nayo anaumwa kichwa, aliye pembeni anasikia mngurumo. Nasi katika chombo hicho kimoja tumechomeka gitaa, kinanda, na vipaza sauti viwili vya waimbaji. Je, ni haki kukilaumu kwamba hakikidhi matarajio?

Wahenga walisema, mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Kwaya isiyofanya mazoezi husingizia mitambo. Mwalimu wa kwaya ametuletea daftari la mahudhurio: kati ya waimbaji 42 walioandikishwa, wanaofika mazoezini Jumatano ni 11, na Ijumaa ni 9. Dominika wanafika wote 42, wamevaa sare iliyopigwa pasi. Sauti ya nne haijui noti zake, basi inafunikwa na gitaa la besi. Sauti ya pili imepotea, basi kinanda kinapandishwa. Amplifaya imekuwa blanketi la kufunika uvivu wetu, na sasa tunaomba blanketi pana zaidi.

Lakini hilo la kwaya ni dogo. Kubwa ni lile lililotupata katika sikukuu ya somo wa parokia, nalo ndilo lililotufanya tuandike.

Mnaikumbuka siku ile. Kanisa lilijaa hadi nje chini ya miembe. Tulianza "Utukufu", gitaa likinguruma, ngoma za umeme zikidunda, na katikati ya wimbo umeme ukakatika. Vyombo vikanyamaza pamoja. Waimbaji wakatazamana, wakaacha. Na nyinyi, watu zaidi ya mia saba mliobatizwa, mkanyamaza pia. Hakuna aliyeupokea wimbo. Utukufu wa Mungu juu mbinguni ulisimama katikati, nasi sote tukageuza shingo kuelekea mlango wa sakristia kusikiliza kama jenereta limewaka. Sisi padre tulisimama altareni mikono ikiwa imefumbatwa, tukingoja jenereta. Tulijua maneno. Tulikuwa na koo. Hatukuimba.

Zilipita dakika sita hivi. Katika dakika zile tuliona jambo ambalo tulikuwa tumelitengeneza kwa mikono yetu kwa miaka mingi: taifa la Mungu lililosahau kwamba lina sauti.

Juma lililofuata tulikwenda kuadhimisha Misa katika kigango chetu cha mbali zaidi, kule ambako nguzo za umeme hazijafika. Waamini walikuwa hawazidi themanini, ndani ya banda la miti na nyasi. Mzee mmoja alianzisha, akinamama wakapokea, wanaume wakaweka sauti ya chini, na watoto wakajua pa kuingilia bila kuonyeshwa. Waliimba "Bwana utuhurumie", wakaimba "Mtakatifu", wakaimba "Mwanakondoo", kila mtu, tangu aliyekuwa na kayamba hadi aliyembeba mtoto mgongoni. Baada ya Misa walitujia kwa unyenyekevu wakatuomba radhi: "Baba, utusamehe, sisi huku hatuna vyombo." Tulishindwa kuwajibu. Sisi wenye vyombo ndio tuliopaswa kuwaomba radhi wao.

Tunajua hoja zitakazotolewa dhidi yetu. Tuzipokee moja baada ya nyingine.

Itasemwa kwamba paroko anachukia magitaa na vijana. Sivyo. Hakuna chombo kilichozaliwa kitakatifu. Kinanda cha mabomba, ambacho Kanisa la Kilatini linakipa heshima kubwa, asili yake ni Aleksandria ya Misri, hapa barani Afrika, karne ya tatu kabla ya Kristu, kwa ubunifu wa fundi Ktesibio. Na Warumi walikipiga katika viwanja vya michezo ya kumwaga damu muda mrefu kabla hakijaingia kanisani. Mwaka 1903 Papa Pius X alikataza piano na ngoma kanisani. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Hati ya Liturujia, ulifungua mlango kwa vyombo vingine vinavyofaa au vinavyoweza kufanywa vifae kwa matumizi matakatifu, kwa idhini ya mamlaka husika. Mwaka huohuo Padre Stephen Mbunga wa hapa kwetu alichapisha kitabu kizima juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Ngoma na kayamba tunazozipiga leo bila hofu zina watu waliozitetea kwa elimu na kwa saburi. Mlango ule hatuufungi sisi. Tunachosema ni kwamba aliyekaribishwa sebuleni asimtoe mwenye nyumba nje.

Itasemwa kwamba Zaburi ya 150 inaamuru kumsifu Mungu kwa vinubi, matari na matoazi yavumayo. Kweli. Lakini zaburi hiyohiyo inahitimisha kwa kukiita kila chenye pumzi kimsifu Bwana. Amplifaya haina pumzi. Wenye pumzi ni nyinyi mlionyamaza siku ile. Na anayependa kuisoma Zaburi ya 150 asiiruke sura ya tano ya Nabii Amosi, ambapo Mungu anawaagiza watu wake wamwondolee kelele za nyimbo zao, kwa kuwa haki ilikuwa imekauka kati yao.

Itasemwa kwamba madhehebu ya jirani wana mitambo mikubwa, na vijana wetu wanavutwa huko. Tumelisikia hilo mara nyingi, nalo linatuuma kweli, maana tunawafahamu kwa majina vijana walioondoka. Tuliwatembelea baadhi yao. Hakuna hata mmoja aliyetuambia kwamba aliondoka kwa sababu spika zetu ni ndogo. Mmoja alisema alipougua miezi miwili hakuna mtu wa Jumuiya aliyefika kwake. Mwingine alisema kule alipewa kazi ya kufanya, wakati huku alikuwa mtazamaji. Tuyasikie hayo. Tumekuwa tukitibu jeraha la mguu kwa kununua kofia.

Tena Kanisa halikutuacha bila mwongozo. Hati ya Muziki Mtakatifu ya mwaka 1967, Musicam Sacram, inaelekeza kwamba vyombo vitegemeze sauti za waimbaji na kurahisisha ushiriki wa waamini, wala mlio wake usizifunike sauti hata maneno yakawa magumu kueleweka. Hati hiyo haikuwekwa kwa ajili ya Roma tu. Mwongozo wa Misale nao unaagiza kwamba wakati wa Kwaresima kinanda na vyombo vingine vipigwe kwa ajili ya kutegemeza uimbaji tu, isipokuwa Dominika ya nne, sherehe na sikukuu. Ni nani kati yetu anayekumbuka Kwaresima ambayo gitaa la besi lilifunga?

Na mwisho, tukumbuke Nabii Eliya mlimani Horebu (1 Fal 19:11-13). Upepo mkali ulipasua miamba, nchi ikatetemeka, moto ukawaka, naye Bwana hakuwamo humo. Baada ya hayo yote ikaja sauti ndogo ya utulivu, na hapo ndipo nabii alipoufunika uso wake. Hatusemi kwamba Mungu hawezi kusema katika ngurumo. Kule Sinai alisema. Tunasema kwamba parokia iliyojizoesha ngurumo pekee haitaweza kutambua siku Bwana atakaponong'ona.

Kwa hiyo majibu yetu kwa barua ile ni haya.

Ombi la shilingi 3,200,000 hatutaliidhinisha. Hatutapitisha bahasha nyingine katika Jumuiya kwa ajili ya mitambo ya muziki mwaka huu. Kiasi kilichokwisha kuchangwa, shilingi 410,000, kitasomwa hadharani Dominika ijayo, na aliyetoa akitaka kurudishiwa atarudishiwa. Atakayekiacha, kitakwenda kumlipa mwalimu wa nyimbo atakayefundisha watoto wetu na kwaya kusoma noti, siku mbili kila juma, katika parokia na katika vigango.

Amplifaya iliyopo haitatupwa. Itabaki kwa ajili ya gitaa peke yake, kwa sauti iliyo chini ya sauti za watu. Kipimo chake ni rahisi, wala hakihitaji fundi: kama aliyeketi benchi la mwisho hamsikii jirani yake akiimba, basi chombo kimezidi.

Kuanzia Dominika ijayo, katika Misa ya kwanza, "Bwana utuhurumie", "Mtakatifu" na "Mwanakondoo" vitaimbwa na waamini wote bila chombo chochote. Tunajua itakuwa vibaya mwanzoni. Tutakosa mwanzo, tutateremka sauti, wengine watacheka. Sisi tutaanzisha, na sauti yetu mnaijua: nayo haikidhi matarajio. Vumilianeni nasi. Tumewaomba wazee watatu wa kile kigango cha mbali waje kutusaidia, nao wamekubali kutembea kilomita kumi na nne kuja kuwafundisha wenye umeme.

Kwaya nyingi nchini zimejiweka chini ya maombezi ya Mtakatifu Sesilia, ambaye tunamkumbuka kila tarehe 22 Novemba. Mapokeo ya Kanisa yanasimulia kwamba siku ya arusi yake vyombo vya muziki vilipokuwa vinapigwa, yeye alikuwa akimwimbia Mungu moyoni mwake. Ndivyo alivyopata kuwa msimamizi wa wanamuziki: wimbo ambao hakuna aliyeusikia isipokuwa Yule aliyeimbiwa. Wapendwa wanakwaya, mmebeba jina zito. Tunawapenda, tunawahitaji, na tunawaomba Jumatano mje mazoezini.

Siku umeme utakapokatika tena, na utakatika, tusigeuze shingo kuelekea sakristia. Tuendelee na ubeti.

Mungu awabariki nyote.

Paroko wenu katika Kristu.